Vitabu Visivyoguswa

Wanyama walipojenga shule, maktaba yao ililetewa vitabu vipya vya tiba. Kalunguyeye mwenye miiba, mkutubi wao, alivifungia kabatini, ufunguo akautundika shingoni. "Asiyenawa mikono hagusi!" alitangaza.

Asubuhi moja nyoka alipenya maktabani akamuuma. Kwa hofu Kalunguyeye alijikunja kama mpira, ufunguo ukabaki katikati ya miiba.

"Mwalimu, tupe ufunguo!" mwanafunzi wake Pimbi alilia. "Dawa imo vitabuni, na sumu inapanda!"

Sauti dhaifu ikauliza kutoka ndani ya miiba, "Umenawa?"

Pimbi alikimbilia mtungini, akasugua viganja, akarudi mbio. "Nimenawa, Mwalimu! Tazama!"

Miiba ilikaa kimya. Kabatini vitabu viling'aa, havina hata alama ya kidole.