Magari Mawili, Dereva Mmoja

Siku hizi dereva akifariki, mtindo wake wa kuendesha huhamishiwa kwenye gari moja tu. Familia huruhusiwa kujaribu kwanza, lakini wakishachagua, hauhamishwi tena. Ndiyo maana Anaeli, mjane wa Eliafoo, alikuwa akilinganisha magari mawili ya mbio yenye paa la kukunjwa.

La kijani lilifyatuka kuelekea Marangu kama mshale. Lakini kila kwenye kona, kompyuta yake ilimnyang'anya marehemu usukani, na Anaeli akajihisi amebebwa na mgeni.

Jeupe lilikuwa zito kidogo. Lilipokaribia kona lilipunguza mwendo taratibu, upepo usije ukamvua kilemba. Anaeli akafumba macho.

"Mama, hilo linatembea kama bata!" binti yake Ndeshi, aliyekuwa akingoja kwenye duka la magari, alimtania aliporudi. "Baba hakuendesha hivyo hata siku moja."

"Akiwa na mimi ndivyo alivyoendesha. Hebu panda wewe."

Ndeshi akapanda peke yake. Gari likanguruma, likatokomea, na nyuma yake kikabaki kicheko cha Ndeshi ambacho Anaeli hakuwa amekisikia tangu mazishi.

"Ni yeye!" Ndeshi alipiga kelele likirejea. "Mama, tuchukue hili hili!"

Gari likasimama mbele ya Anaeli, na mlango wa abiria ukafunguka.

Ndeshi akaacha kucheka. "Mama, mimi sijagusa kitu."

Anaeli alikitazama kiti kitupu cha dereva.

"Shuka, mwanangu," akasema. "Baba yako hapendi kungojeshwa."