Kituo Alichokatazwa Mwanaheri

Treni iliposimama Kosmonavtlar, Salumu aliinuka ashuke. Dada yake akamvuta koti, akaketi tena.

"Si hapa. Bado," alisema Mwanaheri.

"Dada, si ndipo penyewe? Pale kwenye picha?"

"Ndipo. Nimesema bado."

Milango ikafungwa na ule ukuta wa buluu ukapita dirishani. Salumu akashusha pumzi. Safari yote hii, kutoka Kasulu mpaka Tashkent, visa yenyewe iliwatoa jasho, halafu kituo walichokifuata wanakipita kama hawakioni.

Chanzo cha yote ni picha. Mwaka jana Nurudini, mume wa Mwanaheri, alikuja mji huu kununua vitambaa vya duka. Duka ni la Mwanaheri, na nyumba wanayolala ni ya Mwanaheri. Alivipata kwa kuuza vitenge sokoni Kasulu, juani, mtoto mgongoni. Lakini aliyepandishwa ndege ni Faudhia, mke mdogo aliyeolewa kimyakimya Kibondo. Wakavizunguka vituo vya treni za chini ya ardhi kama maharusi, na picha zao zikazagaa kwenye simu za Kasulu nzima kabla wenyewe hawajarudi. Iliyomchoma Mwanaheri zaidi ni ya hapo Kosmonavtlar: Faudhia kaegemea ukuta wa buluu, meno yote nje.

Alipouliza mbona yeye hakupelekwa, Nurudini alimjibu hadharani, mlangoni pa msikiti, watu wakitoka kuswali Ijumaa. Alimwonyesha ile picha, akamwita kikongwe, kisha akamkataza kukanyaga mahali pale kwa maneno mazito mno. Wazee walimsihi ayarudishe. Hakuyarudisha. Nurudini ni mtu wa kuringa, na siku hiyo watazamaji walikuwa wengi.

Mbele za watu Mwanaheri hakulia wala hakugomba. Alipika, akafua, akashinda dukani, na hasira yake akaiatamia kama kuku anavyoatamia mayai. Kasulu wakasema amekubali yaishe. Walisahau kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Siku aliyoondoka alimuaga mumewe kwamba anakwenda Manyovu kwenye matanga ya shangazi. Nurudini angepata fununu mapema, mambo yote yangeharibika.

Vituo vingine walishuka kama watalii wowote. Alisher Navoiy, dari ilikuwa na makuba kama ya msikiti, Salumu akaitazama mpaka shingo ikamuuma. Paxtakor, ukuta ulijaa maua ya pamba yaliyotengenezwa kwa vigae vidogovidogo, na Mwanaheri akayapapasa kama anayekagua kitenge kabla ya kukinunua. Ulikuwa mji mzuri. Alichukia kwamba wenzake waliuona kwanza.

Tena kila wakiingia ndani ya behewa, vijana walikuwa wakiruka vitini kumpisha, mkono kifuani kwa adabu.

"Hata huku wananiona bibi," alisema, akaketi kwa kishindo.

Salumu alishindwa kujizuia. "Dada, nikwambie ukweli? Mume hafuatwi kwa treni. Hata upige picha mia, yule ameshaonja ujana. Turudi tukawaone wazee, labda watamsihi akurudie."

"Wazee ndio ninaowasubiri," alisema Mwanaheri, akatazama simu yake. Kasulu, Ijumaa ilikuwa imeshaswaliwa. "Haya. Sasa twende."

Waliporudi Kosmonavtlar na milango ikafunguka, Mwanaheri hakushuka mara moja. Aliinama, akavua viatu. Abiria waliokuwa nyuma yake wakaguna.

"Unafanya nini?" Salumu alinong'ona kwa aibu.

"Asije mtu akasema kilichokanyaga ni kiatu." Akateremka peku juu ya marumaru baridi, akaenda kusimama palepale penye ule ukuta wa buluu. "Salumu, tazama miguu yangu."

"Naiona."

"Ione vizuri. Utaulizwa."

Akapiga simu ya video kwa Mzee Khatibu, mmoja wa wazee waliomsihi Nurudini siku ile. Alijua atamkuta barazani pa msikiti na wenzake, na Nurudini yumo, maana Ijumaa hakosi.

"Shikamoo, Mzee Khatibu."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na msiba wa Manyovu."

"Sipo Manyovu." Akaigeuza simu polepole: ukuta, treni iliyokuwa ikiondoka, kisha miguu yake miwili. "Mdogo wangu huyu hapa shahidi. Waonyeshe na wenzako."

Kelele zikazuka barazani. Sauti ya Nurudini ikazipita zote. "Mwanaheri! Toka hapo! Panda treni, nakwambia! Mke wangu, nilisema kwa hasira tu, wallahi! Nitakuleta mwenyewe, wewe peke yako, Faudhia simtaki tena!"

Salumu akatabasamu. Kumbe dada alijua alichokuwa akikifanya. Mume ndiye huyo, anarudi kwa magoti. Mwanaheri alimwacha Nurudini alie mpaka sauti ikamkauka. Alikuwa ameingoja sauti hiyo mwaka mzima, na ilikuwa tamu kuliko asali ya Kibondo.

"Mzee Khatibu," alisema, "hebu nikumbushe. Alisema nikitia mguu hapa, itakuwaje?"

Mzee alikohoa.

"Alisema umeachika, mwanangu. Talaka tatu."

"Basi shuhudieni," alisema Mwanaheri. "Mwaka mzima nilimwomba moja, akaninyima."