Sabuni ya Mkono kwa Mkono

Honorine aligeuka, akampa injinia mgongo.

"Mama, shika sabuni!"

Hakushika. Mashine iliendelea kutema miche ya sabuni, na kando ya meza wanawake wote wakasimama kutazama.

Injinia Gauthier alikuwa ametoka Likasi wiki ile, kuja kukiharakisha kiwanda. Kuweka sabuni chini na kuiokota, alisema, ni kupoteza wakati. Sasa kila mche utapita mkono kwa mkono, watu wakitazamana usoni, na atakayekataa atarudi nyumbani. Kila kitu alikuwa amekipima, hata urefu wa mikono. Wenye mikono hakuwauliza kitu. Asubuhi hiyo akasimama mwenyewe mbele ya Honorine, ili aonyeshe mfano.

"Keren," Honorine alimwambia jirani yake wa meza, "umuambie shefu aweke chini. Nitaokota."

"Niko hapa, mama! Unisemeshe mimi!"

"Keren, umuambie nimesikia."

Wanawake wakacheka. Miche ikarundikana, ikaanza kuanguka sakafuni. Injinia akatoka jasho.

"Benzake bote banaweza. Ni yeye tu! Ananizarau?"

Keren akainama sikioni kwa Honorine. "Mama, utapoteza kazi, na bwana yako haiko na kazi. Uyu kijana unamujua?"

"Nilimuona mara moja, kwa dirisha ya jikoni. Yeye hakuniona."

"Basi umuangalie tu kidogo, yapite!"

"Ata kidogo."

Injinia akapiga meza. "Mama, neno la mwisho. Unapokea, ao naandika barua ya kukufukuza!"

Kicheko kikakatika. Honorine alijifuta mikono kwenye aproni, polepole, kama mtu aliye nyumbani kwake.

"Keren, umuambie aandike. Lakini asinipe mukononi. Ile barua nayo aiweke chini."

Hapo kijana akashindwa kuvumilia. Akazunguka meza mbiombio, mche mkononi, aje kusimama naye uso kwa uso. Honorine akavuta kitenge, akajifunika kichwa chote.

"Keren!" sauti ikatoka ndani ya kitenge. "Umuambie mukwe wangu arudi nyuma, mukwe na mama mukwe habaangaliane usoni! Bajomba yake balileta posa ya Syntiche kwetu Kasungami, na mimi, mama ya uyu binti, sijaitika bado."