Kula Ingali Moto

Mlio ulitangulia. Ulitoka kwenye kijumba cha nyuma, ukapenya dirisha la jikoni, mkali, mrefu, kama wa ndege aliyenaswa. Watu watatu wakanyamaza. Kisha ukakatika.

"Mashine ya figo ya wifi yangu hiyo," Kalo alimwambia mgeni. "Akijigeuza kidogo tu, inapiga kelele. Ameshaizima. Endelea."

Mgeni, Tomasi, aliwahi kucheza raga. Siku hizi alizunguka mtaa wa Mangere nyumba kwa nyumba akiuza programu ya kupunguza uzito, mizani kwapani. Feleti, mume wa Kalo, alikuwa amesimama juu ya mizani hiyo, peku, bila shati, macho kayafumba.

"Mia moja thelathini na nane," Tomasi alisoma.

"Mwezi uliopita ilikuwa thelathini na tano!" Kalo akadakia. "Jamani, na kilima anapanda kila asubuhi. Hiyo nyama ya kopo unaificha wapi, Feleti? Kwenye soksi?"

Feleti hakucheka. Hospitali ilishamwambia: figo yake inamfaa dada yake Lesieli, ila hawawezi kumpasua mtu mzito kiasi kile. Ashuke hadi mia na kumi kwanza. Na daktari aliongeza, kwa sauti ya chini, kwamba mishipa ya Lesieli imechoka na sindano. Mashine haitamfikisha mbali.

Kwa hiyo aliacha mkate. Akaacha mihogo, akaacha kondoo, na kila Jumapili alikaa mbele ya sahani za wenzake akimeza mate. Alibaki na supu ya kabichi tu, na supu hiyo aliipika Lesieli mwenyewe, siku ambazo mashine ilimpa nafuu.

"Figo inakuja kwangu," alisema siku ya kwanza, "basi mwenye kuilisha ni mimi." Aliweka bakuli mezani, akasimama mlangoni mpaka Feleti akamaliza. "Kula ingali moto. Usiiache ipoe."

Ikawa hivyo kila siku. Supu ilikuwa tamu ajabu. Feleti alidhani ni njaa.

"Kwetu hakuna longolongo," Tomasi alisema. "Chakula chote tunakuletea sisi, kwenye maboksi, kimepimwa. Wiki kumi na mbili. Huweki kitu kingine mdomoni, hata supu."

"Na bei?"

Tomasi akaitaja. Kalo akapiga mluzi.

"Kwa hela hiyo, bwana, si bora nimpeleke kwetu visiwani Tonga, arudi huku akiogelea? Atafika mwembamba."

"Lakini inasaidia?" Feleti aliuliza. "Niambie kweli, Tomasi. Mimi nimeshafanya yote ninayoyajua."

"Si unaniona mimi?"

"Wewe ulikuwa mbavu tupu tangu shule," Kalo alisema. "Uwanjani walikuwa wanakurusha pamoja na mpira."

Tomasi akacheka. Feleti akaketi, akalitazama tumbo lake kama mzigo wa mtu mwingine aliobebeshwa bila kuulizwa. Kalo akamwona, na mzaha ukamtoka.

"Tukope, tulipe," alisema taratibu. "Lakini kamuulize kwanza. Supu ni yake."

Ndivyo ilivyokuwa mila ya kwao. Dada mkubwa hajibiwi. Harusini ndiye anayekaa juu, msibani ndiye anayetoa amri, na chumbani kwake kaka haingii. Feleti alivuka ua, akasimama nje ya kizingiti, uso kaugeuzia pembeni.

"Dada, naomba ruhusa. Kuna programu..."

"Nimesikia. Dirisha liko wazi." Sauti ya Lesieli ilikuwa nyembamba. "Wezi watupu. Mwambie Tomasi abebe mizani yake aende zake."

"Nanenepa, dada. Sijui nakosea wapi. Sili kingine ila supu yako."

"Kumbe tatizo ni supu yangu?"

"Hapana, dada. Nisamehe."

Lesieli akabadili mazungumzo.

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Yule wa mwisho kachukua sura ya mama." Akapumua. "Mama alikufa kwa figo. Kaka Paulo vile vile. Sasa ni mimi. Damu yetu mbaya, Feleti."

"Ndiyo maana nataka kukupa yangu, dada, ingali nzima."

"Najua."

Mashine ikalia tena. Feleti alingoja izimwe. Haikuzimwa. Alisikia mkono ukipapasa, ukikosa.

"Ingia," Lesieli alisema.

Hakuwahi kuingia. Aliingia akiwa ameinama, akabonyeza pale alipoelekezwa, na kelele ikafa. Midomo ya dada yake ilikuwa imekauka hadi imepasuka.

"Nipe barafu kidogo. Kwenye friji hiyo."

Barafu ilikuwa juu. Chini yake kilikuwa chungu cha supu, ile ya kesho. Njaa ikamsukuma. Akainua kifuniko, anuse tu.

"Feleti. Kiache hicho."

Kabichi hakuiona. Juu ya supu iliyopoa mafuta ya kondoo yalikuwa yameganda, meupe, unene wa kidole gumba. Aliyabonyeza. Hayakubonyea.

Akarudisha kifuniko. Akampelekea barafu. Lesieli alimtazama usoni, jambo ambalo hakulifanya tangu wakiwa watoto.

"Kesho nitaipasha," alisema. "Watoto wako wanamhitaji baba mzima. Utaimaliza?"

Feleti akaitikia kwa kichwa.

"Sema kwa sauti, nisikie."

"Nitaimaliza, dada," Feleti alisema. "Yote. Nakuahidi."