Zawadi Chini ya Darubini

Bangili alizifunga kwa fulana zake ili zisije zikalia ndani ya mashua, na ile sari ya pindo jekundu akailaza chini kabisa ya begi. Juu yake akaweka darubini na kitabu cha ndege. Mtu angelipekua begi la Nirupam-babu, angeapa kuwa mwenyewe anakwenda kutazama midiria.

Na ndivyo alivyowaaga ofisini, Kolkata, ambako hilo "babu" ni la heshima tu, si la uzee. Wenzake wikendi zikifika humiminika Digha na Puri, wakasukumane ufukweni na watu walewale wanaosukumana nao kwenye treni. Yeye, tangu afiwe na mkewe, alijitafutia vijiji visivyotajwa popote. Hiki cha ukingoni mwa mikoko ya Sundarban alikificha hata kwa rafiki zake. Ilikuwa safari yake ya tatu msimu huu, na hamu ya midiria ilikwisha tangu ile ya kwanza.

Aliyemrudisha ni Minoti, mwenye nyumba ya wageni.

Minoti alivaa sari nyeupe tupu. Mikononi hana bangili, utosini hana ile rangi nyekundu wanayopaka wake za watu, nywele hazijaona mafuta wala kitana. Alimpikia mgeni kaa kwa haradali mpaka akalamba vidole, lakini yeye mwenyewe alikula wali na ndizi mbichi za kuchemsha. Nirupam-babu alikuwa Mbengali mwana wa Mbengali. Hakuhitaji kuambiwa kuwa huyu ni mjane.

Tena hakuwa peke yake. Kichochoro kizima kilikuwa na wanawake wa nyeupe, na wanaume wenyewe ni vikongwe na watoto wa shule. Chui milia aliponguruma ng'ambo ya mto, Nirupam-babu alimchukia kwa kuwamaliza waume za watu. Halafu, huku aibu ikimshika, alimshukuru kidogo.

Mara moja tu alithubutu kuuliza. "Na bwana wa nyumba hii—"

"Huyo hatumtaji, kaka," Minoti alimkata, jicho likiwa msituni. "Kula, kaa wanapoa."

Hilo "kaka" halikumtisha. Huku kila mgeni ni kaka.

Kizingiti alikuwa mama mkwe, Bibi Khiroda. Jumamosi alasiri Nirupam-babu alimsogelea barazani, akawa anamkatia popoo.

"Mama, huyu bado binti mbichi. Atakaa na hiyo nyeupe hadi lini?"

Bibi alitema tambuu uani. "Msimu wa asali uishe kwanza. Kabla ya hapo funga mdomo wako, mwanangu, usije ukatuletea nuksi."

Nirupam-babu akaona ameelewa: watu wa mashamba, mambo ya harusi huyapanga baada ya mavuno. Hakukataliwa. Usiku huo alilala usingizi wa mtoto.

Lakini kusubiri hakuweza. Jumapili asubuhi, kabla mashua ya kurudi haijafika, alikwenda jikoni na kifurushi chake, jasho likimtiririka shingoni.

"Minoti, mimi si mtu wa maneno mengi. Nina nyumba ya vyumba viwili na redio, na sina wa kuzungumza naye. Ninachoamini ni kwamba mwanamke hakuzaliwa avae nyeupe."

Akafungua. Wekundu ukamwagika sakafuni.

Minoti aliruka nyuma, akajigonga kwenye chungu. "Ifunike! Ifunike, kaka, si sasa!"

Lakini macho yaligoma kutoka kwenye bangili. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka. "Nzuri mno. Sijawahi kuletewa kitu kama hiki. Iache hapa ndani. Naapa kwa Bonbibi mwenye msitu, siku yake ikifika nitavaa hii hii, nyingine sitagusa."

Nirupam-babu alitoka akapanda tuta la mto pekupeku, akimtabasamia kila kaa aliyemkimbia matopeni. Alianza kupanga: kabati la marehemu litolewe, redio ihamie jikoni. Nani pale ofisini aliwahi kurudi Puri na kitu kama hiki?

Ndipo kombe la pwani likapulizwa kama baragumu kwenye kona ya mto. Likajibiwa na jingine, na jingine.

Wanawake walitoka wakasimama juu ya tuta, wakihesabu vichwa kwa mbali. Nirupam-babu aliinua darubini, akaona mashua zimelemewa na mzigo, nyuki bado wanazizunguka, na juu yake wanaume wenye ndevu chafu wakipunga vitambaa.

"Wote wamo!" Bibi Khiroda alipiga yowe nyuma yake. "Nimewaona, wote wamo! Chui mmemhadaa kwa nyeupe zenu, hana chake mwaka huu! Haya mabinti, vueni ujane!"

Milango ilibamizwa. Sari nyeupe zilirushwa juu ya nyua, na moshi wa pilipili kavu, ambao hakuwahi kuunusa hapa, kumbe nao ulikuwa mwiko, ukamtia kikohozi. Alipofungua macho, Minoti alikuwa anampita mbio katika pindo jekundu, utosi umewaka, bangili zikilia hadi kwenye kiwiko. Alijitosa matopeni mpaka magotini, kumpokea mtu mwembamba aliyekuwa akiteremka na debe la asali begani.

Alimweleza jambo upesi upesi, akionyesha mikono yake, akionyesha juu ya tuta. Yule mtu akacheka, akapanda akiteleza, akainama na kugusa miguu ya Nirupam-babu kwa heshima zote.

"Na mimi miaka yote nadhani mke wangu hana ndugu," alisema, akimtilia mkononi kipande cha sega kinachochuruzika. "Kula, shemeji."