Tulivyosimama na Waimarie

Masikio? Yanavuma bado, mjukuu wangu, lakini nitakwenda kumsikiliza dada yako tena.

Waimarie alishaniambia, "Babu, ukoo wakininunia, muziki naacha." Basi akamaliza wimbo wake wa metali, ile roki ya ngurumo tupu, na ukumbi mzima wa ukoo ukanyamaza. Nikamwona anachomoa waya wa gitaa.

Sasa, sisi Wamaori mtu akishasema, wenzake husimama wakamwimbia. Kumwacha peke yake ni aibu, na Waimarie alikuwa amesema kwa gitaa.

Nikasimama. Bibi yako akanivuta koti. "Mzee, kaa! Wimbo wenyewe huujui."

"Na wewe raga unaijua? Mbona unashangilia!"

Akacheka, akainuka, akaanzisha wimbo wa wazee. Ukumbi wote ukasimama. Waimarie akachomeka waya, akatufuata kwa radi zake.

Tulipokaa kula, nyama iliyookwa shimoni ilishapoa kabisa.