Arobaini na Mmoja wa Chang'ombe

"Weka sifuri hapo," Dakta Nikodemu alisema kwa mara ya tatu, akaigonga karatasi kwa kidole chenye mafuta ya sambusa.

Apolinari hakuweka. Karatasi ilikuwa na safu tano, kila safu na kundi lake la watu: madereva wa malori, wahudumu wa baa, askari, wake za watu. Ya tano iliandikwa "wanaume wanaolala na wanaume", na hiyo ndiyo iliyowafanya wanakamati wote, watu wazima tisa katika ofisi ya mradi pale Kinondoni, wainue macho kutazama feni.

"Hao wako Ulaya," alisema Dakta, mwenyekiti wao. "Hapa kwetu labda kwenye mahoteli, na hao ni wageni."

Apolinari, mtakwimu wa mradi, alikuwa ametengeneza hesabu ndani ya kompyuta ya kukisia ukimwi utasambaa vipi mjini, ili kondomu na washauri wapelekwe panapostahili. Kila alipoweka sifuri kwenye safu ya tano, kompyuta ilitoa wagonjwa wachache kuliko waliokwisha kupatikana zahanati. Damu ilisema hivi, kamati ilisema vile.

Kamati ikatafakari, ikaamua kompyuta ina virusi. Fundi akaletwa, akaifungua, akaisafisha siku mbili nzima huku akinyweshwa chai. Hesabu ikatoka vilevile.

"Huu mwaka wa tisini na nne, na watu na elimu zao bado wanajificha," Apolinari alimwambia Rosalia, karani aliyeingiza takwimu. "Woga tu, dada yangu. Sijaona watu waoga kama hawa."

"Sasa namba ya kweli utaitoa wapi, kaka?"

"Chang'ombe kuna fundi cherehani anaitwa Twalib. Yeye anawajua."

"Na wewe umemjulia wapi?"

"Ananishoneaga mashati."

Twalib aliwaita watu dukani kwake Jumapili mchana, wawili wawili, watatu watatu. Alikuja mchomeleaji wa karakana, akaja mwalimu wa kwaya, akaja baba wa watoto wanne aliyeshusha kofia mpaka kwenye nyusi. Waliwaogopa polisi, na zaidi ya polisi waliwaogopa mashemeji zao. Apolinari akawasemesha kwa upole. Majina hayatakiwi, namba tu: ya mtu mwenyewe na ya mwenza wake. Wasipojaza fomu, hakuna zahanati itakayowapangia chochote. Na kila mmoja akapime, hasa mwenye mke, kwa sababu mke ndiye anayelala na hatari asiyoijua.

"Na wewe umeshapima?" mchomeleaji akauliza.

"Mie mtu wa hesabu tu," Apolinari akajibu. Wakacheka wote. Twalib hakucheka.

Wakajaza. Walifika arobaini na mmoja, Twalib mwenyewe akiwa namba kumi na tisa. Wakaenda kupima. Zahanati ilimpa Apolinari idadi tu, bila namba za fomu wala majina: kumi na mmoja walikuwa na virusi. Pamoja na hayo, hakuna hata mmoja aliyerudi kudai fomu yake ichanwe.

Apolinari aliguswa sana. Alimweleza mkewe, Yuliana, aliyekuwa na mimba ya miezi mitano, kwamba amekutana na mashujaa. Yuliana akamwambia shujaa naye hula, anawe mikono, ugali unapoa.

Asubuhi ya kikao Rosalia alimjia na fomu moja mkononi.

"Kaka, hii namba kumi na tisa. Wenzake wote wameandika namba za wenza wao, na hao wenza nao wamejaza za kwao. Huyu anasema ana mwenza mmoja tu, miaka sita sasa, mtu mwenye mke. Ila namba kaacha wazi. Huyo mwenza yuko wapi?"

"Katunga huyo. Watu hutunga."

"Nimfute?"

"Yeye mwache. Mfute mwenza."

Kikaoni Apolinari alisimama. Hawakuwahi kumsikia akipaza sauti namna ile. "Waheshimiwa, hawa watu wana familia, wana kazi, wana kila sababu ya kujificha, na wamekubali kuhesabiwa! Sisi tumepewa kalamu tu, na tunaiogopa!" Dakta Nikodemu alikohoa, akajifuta jasho, akaweka sahihi. Safu ya tano ikajazwa.

Saa tisa alasiri Apolinari alikuwa Chang'ombe, amesimama mlangoni kwa Twalib, anacheka peke yake. Dukani hapakuwa na mteja.

"Wamepita!" alisema. "Arobaini na mmoja, wote! Ungemwona Dakta anavyotota jasho. Mtu mzima na mvi zake, mwoga vile!"

Twalib alikuwa kwenye cherehani, anapinda mkono wa gauni. Hakuinua kichwa. "Na fomu yangu?"

"Imepita. Rosalia ndiye kidogo atusumbue, kaulizia mwenza wako. Nikamwambia ulimtunga."

Cherehani ikasimama. Nyundo za karakana ya jirani zikawa zinagonga, zinagonga. Twalib akakata uzi kwa meno, akalikunja lile gauni taratibu kama linalochukuliwa leo leo.

"Basi nenda nyumbani, wewe niliyekutunga," alisema. "Mwambie Yuliana akapime. Mie nimo kwenye wale kumi na mmoja."